Basi la Nuria kwenye Mizani ya Serikali

Jumapili, 23 Aprili 1950

Nimepata nyumba. Ina magurudumu!

Ngoja niandike polepole, maana mkono unaitangulia akili. Asubuhi nilikwenda Kawangware kwa Muigai, yule mwenye shamba na kinu cha mahindi, kumtazamia injini ya kinu inayokohoa. Nyuma ya kinu, katikati ya migomba — basi. Basi zima, pua ndefu, madirisha karibu yote yana vioo. Muigai alilinunua kwa Mhindi mmoja wa vyuma vikuukuu wakati sisi tuko vitani Burma, likamfia mkononi. Tangu hapo wanalala kuku ndani yake. Nikapanda. Harufu yake sisemi. Lakini nilisimama wima na kofia haikugusa dari. Nikajilaza chali sakafuni, kuku wananishangaa, nikanyoosha miguu mpaka basi. Chumba cha baba hakina nafasi hiyo.

Mambo yenyewe ni haya, niyaandike ili nikiyasoma uzeeni nisidhani nilikuwa nimerukwa na akili. Wiki iliyopita Afisa wa Kibra alinikatalia kibali mara ya pili. Hakuna nyumba mpya Kibra. Hakuna kuongeza chumba. Hata kibanda cha kuegemeza ukutani, hapana. Nilivaa medali zangu, hakuzitazama. Na Mzee Fadlalla, baba yake Nuria, amesema lake na harudi nyuma: binti yake haolewi akajifiche nyuma ya pazia kwenye nyumba iliyojaa shemeji. Atoke kwenye mlango wa baba yake, aingie kwenye mlango wake mwenyewe. Tena kabla ya Ramadhani. La sivyo posa inarudi, na Nuria anapelekwa Bombo, Uganda, kwa shangazi yake. Huko Bombo kuna mwenye duka mmoja, mke wake amefariki, na anaulizia. Nyumba yake ya mawe, nasikia. Mawe!

Ramadhani ni katikati ya Juni.

Basi si nyumba. Serikali imekataza kujenga. Mimi sijengi, mimi naegesha tu.


Jumatatu, 24 Aprili

Nimemwambia baba. Kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Baba yangu, Mzee Murjan, hacheki hivi hivi. Kisha akatazama ukuta wetu, ule wenye ufa ambao haturuhusiwi hata kuubomoa tuujenge upya. Akasema askari wa zamani kama yeye walipewa ardhi hii kwa sababu ya bunduki walizobeba, na sasa mtoto wa askari anakwenda kulala alipolala kuku wa Mkikuyu. Nilidhani amekasirika. Kumbe anafikiri.

Baadaye akaniita. Alisema nifanye, lakini nifanye kwa karatasi. Gari lisilo na leseni, wakija wakiulizia, si gari. Ni mabati yaliyosimama juu ya kiwanja. Na mabati yaliyosimama Kibra bila kibali yanavunjwa siku hiyo hiyo, ameshaona mara nyingi.

Kwa hiyo leseni. Basi liandikishwe kwanza, ndipo niwe na mke. Wengine huanza na mahari.


Jumamosi, 29 Aprili

Limefika! Mgongo unauma, mikono myeusi, moyo hautulii.

Muigai hakutaka pesa. Nimemfanyia kinu chake, sasa kinaimba, na nimemwahidi kukitazama mpaka mwisho wa mwaka. Alisema kwa utulivu wake ule, "Hiyo basi wewe chukua. Lakini kuku ni ya mama, ongea na yeye." Mama ni Wangoi, mkewe. Wangoi alikuja na kikapu akawatoa kuku mmoja mmoja, akawa anawaomba radhi. Jogoo mmoja alikataa. Alikaa juu ya usukani na akanidonoa kila nilipogusa gia.

Injini ilinichukua jioni tatu za wiki hii. Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta, nimefunga bomba la maji kwa mpira wa baiskeli. Leo saa nne tulilisukuma mteremkoni, mimi na Muigai na wafanyakazi wa kinu. Likapiga chafya. Likapiga ya pili. Likanguruma! Moshi ulifunika migomba yote. Muigai alivua kofia yake ya kanisani akaipepea. Sijawahi kumwona akikimbia, leo alikimbia.

Nilipita njia ya mashambani polepole, breki ni za kuombea dua. Nilipoingia Kambi Muru, mtaani kwetu, watu walitoka nje ya nyumba zao. Limesimama sasa pembeni ya nyumba yetu, juu ya kiwanja cha baba, pua imetazama njia.

Ubavuni, chini ya rangi iliyobanduka, yameandikwa maneno bado yanasomeka: uzito wa gari likiwa tupu, tani tatu na kitu. Sikuyajali.


Jumatano, 3 Mei

Yale maneno ya ubavuni ndiyo kila kitu. Loo, ofisi za serikali!

Nimeomba ruhusa kwa bwana wangu wa kiwanda cha mbao nikaenda ofisi ya leseni mjini. Karani anaitwa Naftaly. Mtu mwembamba, tai imenyooka, rula mezani, anaiweka sawa na ukingo wa meza kila ukimsogelea. Si mbaya. Ila anapenda kuuliza.

Niliingia nikitegemea watauliza gari ni la mwaka gani na lina thamani gani. Hawaulizi! Naftaly aliniambia thamani ni mambo yangu na aliyeniuzia. Serikali inataka kujua mambo mawili: linapima nini, na linafanya kazi gani. Kama ni basi, unalipia uzito, halafu unalipia kila kiti, kikaliwe kisikaliwe. Kama ni lori, unalipia uzito, halafu unalipia mzigo linaoweza kubeba. Kama ni gari la mtu mwenyewe na jamaa zake, unalipia uzito tu. Nikasema hilo ndilo langu. La mimi na jamaa zangu.

Akanitazama. "Basi la jamaa zako."

"Jamaa ni wengi," nikasema.

Akacheka kidogo, akaweka rula sawa. Kisha akaleta habari yenyewe. Gari la mtu mwenyewe mwisho wake ni tani tatu. Likipita tani tatu hata kwa kikombe cha chai ni gari la biashara, hata kama linambeba bibi yangu peke yake. Na gari la biashara lazima lilale kwenye yadi iliyokubaliwa, mjini. Nikauliza, lilale kila usiku? Kila usiku, akasema, na ufunguo abaki nao mlinzi.

Nilimwona akilini mke wangu amelala kwenye yadi mjini, mlinzi ana ufunguo. Karibu nicheke, karibu nilie.

Halafu hili la magari yaliyobadilishwa. Haijalishi lilikuwa nini zamani. Linapimwa lilivyo siku hiyo, juu ya mizani ya magari kule karibu na reli. Kilichofungwa kwenye gari ni gari. Kisichofungwa ni mzigo, unakishusha kabla ya kupima. Halafu karani anapanda kuhesabu viti kwa macho yake, ndipo anaandika ni gari la aina gani. Akishaandika, imeandikwa.

Viti! Viti vile ni vya chuma na mbao ngumu, vizito kama dhambi. Nikivitoa vyote isipokuwa cha dereva, nashuka chini ya tani tatu. Nimerudi kwa miguu njia nzima nikipiga mluzi.


Alhamisi, 4 Mei

Nimemwona Nuria bombani, na mdogo wake kama kawaida amekaa katikati yetu. Nimemweleza yote, uzito, viti, yadi. Anasikiliza huku anajaza debe, halafu anauliza maswali ambayo hata Naftaly hakuniuliza. Sakafu ni mbao au chuma? Mbao juu ya chuma. Mlango wa kuingilia uko upande gani? Wa nyuma. Unafungwa kwa ndani? Nitatia komeo.

Alisema ataishi kwenye basi bila shida, ila usiku asisikie mtu anapiga honi akidai kushuka. Halafu akasema, taratibu, bila kunitazama, kwamba Bombo hataki. Aliisema mara moja tu.

Sijalala vizuri kwa furaha. Na kwa woga. Lakini zaidi furaha.


Jumapili, 14 Mei

Viti vyote vimetoka! Bolti nyingine zilikuwa na kutu ya tangu vita vya baba, nimekata kwa tupa. Muigai alikuja na mzani wake wa magunia, ule wa kuning'iniza, tukautundika kwenye tawi la mti wa jirani. Tukapima kila kiti, yeye anasoma ratili, mimi naandika. Watu wa Kambi Muru wamejaa kutazama. Mzee mmoja akauliza kama tunauza nyama ya chuma.

Jumla tumeitoa kwenye ule uzito wa ubavuni. Tuko chini ya mstari! Chini kwa ratili mia mbili na zaidi. Nikambeba Muigai mgongoni, na Muigai si mwepesi. Alisema, "Sasa wewe iko na nyumba ya serikali, na serikali hajui."

Mchana nikafunga mapazia. Haboba Batul, bibi yake Nuria, alikuja na mkongojo wake kukagua. Alipanda, akapiga sakafu kwa mkongojo, tok tok, akavuta midomo. Akauliza angareb itaingia wapi. Nikamwonyesha, kitanda cha kamba kinapita mlango wa nyuma kikiwa kimelazwa ubavu. Akapiga sakafu tena. Hakusema kitu. Nilidhani ameridhika. Haboba akinyamaza watu hudhani hivyo, nami nilijua, nikadhani vile vile.


Jumatano, 24 Mei

Askari wa Afisa alikuja wiki iliyopita. Nilijua atakuja.

Alizunguka basi mara mbili, akagonga tairi kwa fimbo. Akauliza hiki ni nini. Gari, baba akamjibu, amekaa kwenye kiti chake na wala hakusimama. Askari akasema gari huenda. Hiki, amesikia, kimekaa pale pale tangu mwezi uliopita, na kinachokaa mahali pamoja kina mapazia yeye anakijua kwa jina lingine. Amesema atapita tena.

Sasa kila jioni nikitoka kazini nalizungusha. Natoka Kambi Muru, napita Makina nyuma ya msikiti, narudi. Barabara kubwa sithubutu bila leseni, lakini njia zetu hazina polisi. Raha iliyoje! Akina mama wanaotoka sokoni na mabakuli yao wanapanda, wanakaa kwenye mikeka. Vijana wananing'inia. Jana walianza kupiga doluka humo humo, ngoma ya harusi, na harusi haijafika. Mzee Fadlalla alisimama mlangoni kwake tukipita. Hakupunga mkono. Lakini alitazama mpaka tukapotea kwenye kona, dada yangu amemwona.

Petroli inaniumiza. Liwalo na liwe.


Ijumaa, 2 Juni

Naftaly amenipa siku: Alhamisi ijayo, tarehe nane, saa tatu asubuhi, mizani. Na karatasi ya siku moja ya kupita barabarani. Mzee Fadlalla naye ametoa yake: akiiona leseni, harusi ni Jumapili tarehe kumi na moja. Asipoiona, watu wa Bombo wanapita Jumatatu na gari la moshi kumchukua Nuria.

Nuria ameshaingizwa ndani, sasa simwoni. Wanamfukizia moshi wa kuni za mti wa talih na kumsinga. Nikipita nyuma ya nyumba yao nasikia harufu, natembea kama mlevi. Leo niligonga ubao wa dirisha, akagonga na yeye. Hayo tu. Yatosha!


Jumatano, 7 Juni

Sijui kama nicheke au nikae chini.

Nimetoka kazini kabla ya maghrib. Kutoka mbali nikaona wanawake wamelizunguka basi, wamekunja nguo, mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko. Wanaimba. Nikafurahi, nikajua wanalipamba. Nikapanda.

Wameikandika sakafu. Yote! Udongo mwekundu na samadi, kutoka nyuma ya kiti cha dereva mpaka mlangoni, umesawazishwa kwa mawe, laini, mtu unaogopa kuukanyaga. Na kuta, mpaka chini ya madirisha. Na juu ya ule udongo wamechora kwa chokaa na masizi, vile wanavyochora nyumba zetu, yale maua ya pembe pembe. Juu ya tairi wameweka kibaraza kidogo cha kukalia. Cha udongo. Juu ya tairi!

Haboba Batul alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, mkongojo mapajani, amechoka na amefurahi. Aliniambia, "Abdelkarim, ulitaka mjukuu wangu alale juu ya mbao kama gunia? Bibi harusi huingia kwenye sakafu iliyokandikwa na wanawake wake." Kila nyumba ya harusi Kibra ilikandikwa hivyo, tangu yeye alipokandikiwa yake. Nikataka kumwambia habari ya tani tatu. Mdomo ulifunguka. Wanawake wote walikuwa wananitazama, nyuso zina udongo, wanangoja niseme kitu.

Nikasema ni nzuri. Ni kweli. Ni nzuri kupita nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Machozi yalinitoka, wakapiga vigelegele, wakadhani ni ya furaha tu.

Udongo umefungwa kwenye gari? Umefungwa. Jaribu kuubandua uone. Na bado ni mbichi, mbichi ni mzito zaidi. Baba alikadiria kwa makarai waliyobeba. Akasema tumepita mstari kwa ratili mia mbili, pengine mia tatu.

Nilichukua jembe. Ndiyo, nilichukua. Wanawake walikuwa wameshakwenda. Nikasimama mlangoni mwa basi na jembe, sikuweza. Kuibomoa sakafu ya bibi harusi kabla hajaikanyaga! Nani angenipa mke baada ya hapo? Mama yake Nuria angekuja mwenyewe kurudisha posa.

Nikaenda dirishani kwao. Nikamwambia Nuria kupitia ubao. Halafu akasema kwa sauti yake ile ya bombani, ya kuulizia mambo, "Sakafu usiiguse. Toa vingine. Gari lina vitu vingi, hukuniambia wewe?"

Namwoa huyu. Kwa uzito wowote.


Alhamisi, 8 Juni, asubuhi

Baba amesimamia kazi kama yuko bado jeshini. Tangu alfajiri tumetoa bampa, ya mbele na ya nyuma. Boneti. Kibebeo cha mizigo cha juu ya paa. Tairi la akiba, jeki, sanduku la spana. Mlango wa upande wa abiria, sisi tuna wa nyuma. Mfuniko wa boksi la betri. Taa moja, baba akasema mchana haitakiwi. Kiti changu nimekitoa, nimeweka debe la mafuta ya taa, tupu, nimelifunga kwa waya. Petroli nimenyonya kwa mpira nikaacha ya kufika tu. Tumbo la basi limebaki wazi, injini inaonekana yote, inaona aibu.

Angareb na vyungu vimeshushwa, hivyo ni mzigo.

Muigai amekuja kutoka Kawangware kwa baiskeli, amevaa koti la Jumapili. Aliangalia ndani. Akasema mama yake pia alikuwa akikandika hivyo. Kisha akasema, "Mimi nitakuja na wewe, lakini mimi natembea na miguu. Mimi ni nzito."

Twende. Bismillahi.


Alhamisi, 8 Juni, kwenye mizani

Naandika nimekaa juu ya debe.

Tumefika! Kila mtu njiani aligeuka kutazama, basi lisilo na uso. Njia nzima nilikwenda gia ya pili. Karibu na reli injini ikaanza kukohoa, nikajua petroli imekwisha, nikakata klachi tukateleza tu, polepole, tukapanda juu ya bamba la mizani na hapo hapo likazima. Katikati kabisa. Hata ningetaka kuondoka siwezi.

Mzungu wa mizani alisogeza jiwe lake la kupimia kwenye mkono wa chuma. Mkono ukapanda. Akasogeza. Ukashuka. Akasogeza kidogo tena, kwa kidole kimoja, na mimi nimeshika usukani kama unataka kukimbia. Ukasimama.

Chini ya tani tatu! Chini kwa ratili kumi na tano! Mzungu akaandika nambari, akampa Naftaly, akaenda zake kunywa chai. Muigai, ambaye alikuwa amefika mbio, alikaa chini kwenye ukingo wa reli akajifuta uso kwa tai yake. Nilitaka kupiga honi, nikakumbuka honi tumeiacha nyumbani.

Limebaki la kuhesabu viti. Hilo halikunitia wasiwasi, viti havipo! Naftaly amekuja kwa nyuma na ubao wake wa kuandikia, kalamu sikioni. Nilimtazama kupitia kioo. Amefungua mlango. Ameona.

Alisimama pale nje, mkono kwenye komeo. Macho yake yalitembea polepole kwenye sakafu, kwenye kuta, kwenye yale maua, kwenye kibaraza cha juu ya tairi. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha: kwamba ni ya kuzuia vumbi, kwamba ni ya kuzuia joto. Yote yalinitoka.

Naftaly akainama. Akafungua kamba za viatu vyake. Akavivua, akavipanga sambamba kwenye ngazi, visigino pamoja, kama anavyopanga rula yake. Soksi ya kushoto ina tundu. Kisha akanyoosha tai, akagonga ubavu wa basi kwa vidole, akasema kwa sauti ya chini kama mtu aliyefika kwa wakwe:

"Hodi."

Na mimi, ulimi wangu, mjinga mimi, nikajibu:

"Karibu."

Sasa yuko ndani. Anatembea pembeni pembeni asiharibu udongo mbichi. Malori matatu yamepanga foleni nyuma yetu yanapiga honi, yeye hasikii. Amefika katikati, amesimama kwenye ua kubwa la chokaa lililo mbele ya mahali pa kitanda. Ameichukua kalamu sikioni. Tunatazamana kupitia kioo. Bado hajaandika kama ni gari au ni nyumba.